Paji la Uso Lililoungua

Restituta, mkulima wa Nyamigogo, alikuwa kwenye basi la Ngara, na mazungumzo ya kiti cha mbele aliyasikia yote.

Dafroza, mkimbizi wa Burundi, alishika picha ya mtoto aliyeokotwa mpakani. "Wangu ana kovu kwenye paji la uso. Hapa paji ni jeupe kama unga wa muhogo. Kaka Danstan, si wewe uliyempiga picha hii kambini?"

"Jua lilikuwa kali, mama. Na kilichoungua kwa mwanga kwenye picha hakirudi."

"Kamera haikukuonya?"

"Huonya. Panapoungua hupepesa, huwaka na kuzima, kwenye kioo cha kamera, unapunguza mwanga, unapiga tena. Ila turubai la nyuma ya mtoto ni jeupe, kambini linapepesa kila siku. Nikadhani ni turubai tu."

Restituta akasonya. Watu wamekimbia vita, wamefika, na bado kinachotazamwa ni turubai.

"Ofisi haitaniambia mtoto alikopelekwa," Dafroza alisema, "mpaka niitazame hii picha niape kuwa ni wangu."

"Sema ni wako, basi."

"Na mama yake akiwa mwingine?"

Basi likasimama mbele ya ofisi ya wakimbizi.

"Umefika, mama," Danstan alisema.

"Nimefika. Sasa niape kwa paji lipi?"