Gudrun Marie Riis na Panya wa Arobaini na Moja

Marehemu Gudrun Marie Riis, wa ukoo wa Skovsgaard, alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 katika shamba la matufaha la Hessebjerg, kusini mwa kisiwa cha Fyn, akiwa kifungua mimba wa Laurits na Kirstine. Theluji ilikuwa imefunga barabara. Mkunga alikuja akiikokota baiskeli yake, na alipofika mtoto alikuwa ameshazaliwa. Miaka mitatu baadaye akazaliwa mdogo wake, Holger, na hao wawili ndio watoto wote wa nyumba ile.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1951. Siku moja Mwalimu Agnete Bang aliwaambia watoto kwamba mti mmoja wa tufaha una majani elfu hamsini. Gudrun akauliza nani aliyahesabu. Mwalimu akacheka, akasema imeandikwa kitabuni. Jioni Laurits alimkuta bintiye juu ya ngazi ya kuchumia, kashika tawi kwa mkono mmoja na chaki kwa mwingine. Alikuwa amefika jani la elfu mbili mia moja na kumi.

"Shuka ukale, viazi vinapoa," baba alimwambia.

"Sijamaliza, Baba."

"Na ukimaliza?"

"Nitajua kama kitabu kinasema kweli."

Alisoma sekondari mjini Odense kuanzia 1960 hadi 1963, kisha Chuo Kikuu cha Copenhagen, alikohitimu kemia mwezi Juni 1970. Tasnifu yake ilihusu jinsi sumu inavyopita kwenye ini.

Tarehe 1 Septemba 1971 aliajiriwa katika Ofisi ya Ukaguzi wa Dawa za Mashamba. Kazi yenyewe ilimshangaza tangu siku ya kwanza. Kampuni iliyotaka kuuza dawa ndiyo iliyoipima dawa hiyo, ikaandika ripoti, ikaileta serikalini kwa masanduku. Kazi ya ofisi ilikuwa kusoma. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na Gudrun alitaka kujua ngoma hizi zilivutwa kiasi gani. Lakini masanduku yalikuwa mengi na wasomaji watano tu.

Mwaka uliofuata, tarehe 20 Mei 1972, alifunga ndoa na Anker Riis, fundi wa kusawazisha sauti za piano. Walipanga ghorofa ya tatu mtaa wa Valby, na mwaka 1978 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Esben. Anker alipenda kuwaambia wageni, "Sote wawili tunasikia sauti iliyokosea. Ila yake imo kwenye karatasi, na karatasi hazikubali kukazwa waya."

Jambo ambalo wengi hapa mnalijua nusu, familia imeona lisemwe lote leo. Tarehe 12 Februari 1976 Gudrun alitia saini kuipitisha Skurvin, dawa ya kuua ukungu wa matufaha, ya kampuni ya Kvistholt. Masanduku yalikuwa ishirini na manane. Majira ya kunyunyizia yalikaribia, wakulima walikuwa wakipiga simu kila siku, akasoma muhtasari na sanduku la kwanza tu. Baba yake na Holger walikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo.

Mwaka 1983 kibali kilipotakiwa kuongezwa muda, aliomba viambatisho vyote vishushwe kutoka stoo. Alivisoma kwa wiki tatu. Katika daftari la majaribio akakuta panya namba arobaini na moja amekufa wiki ya sitini. Wiki ya sabini na mbili panya huyohuyo akapimwa uzito, na alikuwa ameongezeka gramu kumi na mbili. Kwanza alicheka peke yake. Kisha akatafuta wengine, akapata kumi na tisa. Akapanda ngazi hadi kwa mkuu wake, Bwana Egon Vestermark.

"Gudrun, bwana we, unanipandia mpaka huku kwa ajili ya panya mmoja?"

"Si mmoja, ni ishirini. Na wote wamenenepa baada ya kufa."

"Karani kakosea namba, basi."

"Huenda. Ndiyo maana nataka kumwuliza karani."

Karani hakupatikana. Aliyekuja ni Bwana Overby wa Kvistholt, mtu mcheshi na mwenye suti nzuri, akamkaribisha kula samaki wa siki na mkate mweusi kwenye hoteli ya bandarini.

"Mwenye macho kama yako anaozea pale," alimwambia. "Njoo kwetu."

"Mtanipa madaftari ya asili ya wale panya?"

"Tutakupa ofisi yenye dirisha linalotazama bahari."

"Dirisha ninalo. Madaftari ndiyo sina."

Alilipia samaki wake, akarudi kazini kwa miguu. Anker alipomwuliza kama alimwogopa yule mtu, alisema hapana, alimpenda, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

Kibali kiliongezwa hata hivyo. Gudrun aliisoma ripoti ya ofisi yake mwenyewe akahisi ameshawahi kuisoma mahali. Akaiweka sambamba na barua ya Kvistholt ya kuomba kibali kiongezwe. Aya saba zilikuwa zilezile, neno kwa neno. Katika barua neno "ini" lilikuwa limeongezwa herufi moja kwa bahati mbaya, na ripoti ya serikali ilikuwa na herufi hiyohiyo, mahali palepale. Akauliza wajumbe wa kamati ya ushauri ni kina nani. Wanne kati ya saba walikuwa wakifadhiliwa utafiti wao na Kvistholt. Haikuwa siri, alisema baadaye. Ilikuwa tu hakuna aliyewahi kuuliza.

Mwaka 1985 alihamishiwa kitengo cha mbegu za viazi. Mwaka 1987 Bwana Vestermark alistaafu, na baada ya miezi mitatu akawa mshauri wa Kvistholt. Gudrun hakumtukana. Aliandika barua serikalini, na nyingine tena, hadi zikafika kumi na moja, kila moja ikiwa na swali moja tu. Ya kumi na moja ikasomwa na kamati ya wabunge, naye akaitwa mbele yao tarehe 3 Oktoba 1989. Baada ya kueleza yote, mbunge mmoja akamwuliza:

"Na ni nani aliyeipitisha dawa hii mara ya kwanza?"

Wenzake walidhani atataja jina la mkuu wake.

"Ni mimi," alisema. "Tarehe 12 Februari 1976. Sikusoma kiambatisho."

Bunge likaagiza majaribio mapya katika maabara ya chuo kikuu, ambayo haikupokea chochote kutoka kampuni yoyote. Maini ya panya yaliharibika, na mabaki ya Skurvin yakaonekana kwenye visima vya maji. Dawa iliondolewa sokoni tarehe 1 Aprili 1991.

Mwaka huohuo mvua zilizidi na ukungu ukaila miti ya Hessebjerg. Holger, aliyerithi shamba, alipoteza theluthi mbili ya mavuno, na 1993 akaliuza. Siku ya kukabidhi funguo alimwambia dada yake uani, "Umetupotezea shamba la Baba." Kwa miaka sita hawakusemezana, hata Krismasi.

Mwaka 1999 Holger alipiga simu. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka.

"Dada, wewe ndiye unayejua. Ni ile dawa?"

"Sijui, Holger. Hilo halikupimwa."

"Ungesema ndiyo, ningekuwa na wa kumlaani."

"Najua. Lakini sijui."

Holger anasema alikasirika, kisha akagundua kwamba daktari, mkewe na majirani wote walikuwa wamemjibu kwa uhakika, na ni huyu mmoja tu aliyemwambia ukweli. Tangu alipostaafu mwaka 2007, Gudrun alikuja Fyn kila Alhamisi kwa treni, akamfunga mdogo wake vifungo vya shati. Anker alipofariki mwaka 2009, alihamia Faaborg, karibu na Holger, moja kwa moja.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Tarehe 28 Oktoba 2024 alilazwa hospitali ya Svendborg. Muuguzi alipomletea kidonge kipya, marehemu aliomba karatasi ya maelezo yake, akavaa miwani.

"Mama Gudrun, meza basi, chai inapoa."

"Hapa wameandika wagonjwa mia nne. Wanawake walikuwa wangapi?"

Muuguzi alienda kuuliza, na siku ya pili akarudi na jibu: hamsini na watatu. "Wachache," alisema Gudrun, akakimeza. Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Novemba 2024, Esben akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka themanini.

Ameacha mwana mmoja, Esben; mkwe, Liv; wajukuu wawili, Sigrid na Jeppe; mpwa wake Sidsel, binti wa Holger, ambaye ndiye anayeusoma wasifu huu; na mdogo wake, Holger. Huyu alipoletewa maandishi haya ayapitie, aliomba kiongezwe kitu kimoja.

"Andika kwamba nilimwambia ametupotezea shamba, na kwamba sikuwahi kumwomba radhi."

"Baba, niseme hayo mbele ya watu wote?"

"Yaseme. Nitakuwa nimekaa pale mbele. Nataka nimwombe mkiwa mnasikia."

Udongo wa Fyn umpokee kwa upole. Gudrun, pumzika kwa amani.