Godefroid Kalaba na Alhamisi za Kuziba Meno

Leo Jumamosi, tarehe 28 Septemba 1957, Bwana Godefroid Kalaba anastaafu baada ya kutumikia chumba cha meno cha hospitali yetu kwa miaka thelathini na moja. Aliingia kazini Jumatatu tarehe 6 Septemba 1926, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka Kasenga, kando ya mto Luapula. Kwa hiyo anatuacha akiwa na miaka hamsini na mitatu tu. Sababu ya kuondoka mapema nitaieleza. Papa Godefroid aliposikia kwamba mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika habari hizi, aliniambia: "Liévin, usiandike maneno ya sukari peke yake. Bantu ya Kamalondo banajua." Yaani watu wa mtaa wetu wanajua. Nimejaribu kumtii.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukanyaga. Siku zile mashine ya kutoboa meno haikuwa na umeme. Ilizungushwa kwa kanyagio, kama cherehani, na Godefroid alisimama nyuma ya kiti akikanyaga huku docteur, daktari wa meno, akitoboa. Akipunguza mwendo, chuma kilikwama katika jino na mgonjwa akaruka kitini. Akizidisha, jino lilipata moto. Baada ya miezi michache alikanyaga kwa mwendo mmoja, laini, hata bibi mmoja, mke wa hakimu, alipitiwa na usingizi kinywa kikiwa wazi, na docteur akawa anatoa maagizo kwa kunong'ona ili asimwamshe.

Docteur huyo wagonjwa walimwita Bwana Ndevu. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni za wakati ule zilikuwa nyingi.

Mwaka 1929 hospitali ilifungua karakana ya meno ya bandia. Fundi mmoja Mbelgiji alimfundisha Godefroid kumwaga plasta katika alama ya ufizi, kuchonga nta, kupanga meno ya kauri moja baada ya jingine, kisha kupika mpira katika chungu cha mvuke mpaka uwe mgumu kama mfupa. Miaka miwili baadaye bei ya shaba ilianguka, Wazungu wengi wakarudi kwao, na fundi naye akapanda treni. Tangu hapo kila Mzungu wa mji huu aliyetafuna kwa meno ya bandia alitafuna kwa kazi ya mikono ya Godefroid, ingawa wengi hawakujua jina lake. Tajiri mmoja alipiga chafya katika karamu ya arusi, meno yake ya juu yakadondokea kwenye bakuli la supu na kupasuka. Mpishi alikuja mbio na vipande ndani ya kitambaa cha meza, vingali na karoti. Godefroid aliviosha, akaviunganisha, akavipika upya, na kesho yake tajiri aliletewa meno yake nyumbani. Naye akamtumia Godefroid sufuria nzima ya supu ileile.

Lakini kulikuwa na mlango wa nyuma, nao ndio mlango wetu. Upande wa mbele, wa Wazungu, jino bovu lilitobolewa, likasafishwa, mshipa wake ukauawa, likazibwa. Lililopotea likabadilishwa na jingine. Upande wa nyuma palikuwa na benchi la chuma, ndoo na koleo. Mwafrika aliyeumwa jino aling'olewa. Awe na tundu dogo kama punje ya mtama, aling'olewa. Tangu mwaka 1932 aliyeshika koleo hilo alikuwa Godefroid.

Mwaka 1934 alikuja Mama Mujinga, mke wa karani Dominique, watu wa Kasai waliokaa Kamalondo. Wakristo wa zamani wa pale wanamkumbuka: ndiye aliyeanzisha nyimbo za kwaya kwa sauti yake peke yake kabla wengine hawajaitikia. Meno yake manne ya mbele yalikuwa yameoza. Godefroid aliyatazama, akaona mawili hayawezi kuokolewa na mawili yanaweza. Akaenda kumwambia Bwana Ndevu. Docteur hakuinua hata kichwa. "Arrache," alisema. Ng'oa.

Godefroid alirudi kwenye benchi.

"Papa Godefroid," Mujinga aliuliza, "utatosha yote ine?"

Kutosha, kwa lugha ya mji wetu, ni kuondoa.

"Ni vile bamesema, Mama."

"Bamesema banani? Ni weye njo unashika koleo."

Godefroid alishika koleo. Aliyang'oa yote manne.

Mujinga aliacha kuanzisha nyimbo. Baadaye aliacha kwaya, halafu akaacha kwenda kanisani. Dada yake, Ngalula, aliyeuza vitambaa sokoni, alimfuata Godefroid hadi getini pa hospitali. "Anafunikaka kinywa na kitambaa hata mu nyumba," alimwambia. "Hata na batoto yake. Bwana yake akialikwa kwa bantu, anaendaka peke yake. Weye unatengenezaka meno ya Bazungu. Kutengeneza ya dada yangu iko nguvu kupita?"

Kwa majuma matatu, kila siku kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, wakati Wazungu walipokuwa wamelala, Godefroid alibaki karakana. Alitumia makombo ya mpira yaliyokuwa yatupwe, na meno ya kauri yaliyokataliwa kwa sababu rangi yake haikulingana na ya Mzungu yeyote. Alama ya ufizi wa Mujinga aliichukua jikoni kwa Ngalula, kwa plasta aliyoikoroga katika bakuli la ugali. Meno yalipokamilika alikwenda mwenyewe kumvisha. Mujinga aliomba kioo, akajitazama muda mrefu bila kufungua kinywa. Halafu akafungua. Godefroid anasema hajaona tena mtu akilia na kucheka kwa uso mmoja namna ile.

Siku ya Pasaka ya 1935 Mujinga alianzisha wimbo wa kwanza. Aliimba Jumapili iliyofuata, na zile zilizofuata. Habari zikazunguka, na mwisho zikafika kwa msimamizi wa hospitali kwamba mwanamke wa cité, mtaa wa Waafrika, anaimba kwa meno ya Wazungu.

Waliitwa wote: Godefroid, Mujinga na Dominique. Msimamizi alitandika taulo mezani, akamwamuru Mujinga aweke hapo mali ya hospitali. Godefroid alisema meno yale yalikuwa takataka, kwamba yangetupwa. Msimamizi akamjibu kwamba hata takataka ina mwenyewe. Bwana Ndevu alisimama kando ya dirisha akitazama nje. Dominique alitazama viatu vyake. Mujinga aliyatoa meno kwa mkono wake mwenyewe, akayaweka juu ya taulo, akafunika kinywa na kitambaa. Msimamizi alikwenda karakana akayatia katika jiko la makaa.

Walipokuwa wakitoka, Mujinga alisema chini ya kitambaa: "Niliimba nayo mara tano, Papa. Ile mara tano, haiko muntu wa kunitoshea."

Mwaka uliofuata Dominique alihamishwa kwenda Luluabourg na familia yake. Mujinga alikufa huko kwa homa mwaka 1939. Ngalula ndiye aliyeleta habari. Godefroid alimwuliza jambo moja tu, kama aliimba tena. Ngalula akatikisa kichwa kuwa hapana.

Adhabu ya Godefroid ilikuwa kuondolewa karakana. Alipewa ndoo za mate na kufua mataulo, na fundi mpya akaletwa kutoka Ulaya. Alifua kwa miaka sita. Mkewe, Mama Laurentine, anasema katika miaka hiyo alirudi nyumbani jioni, akala, akakaa barazani bila kusema mpaka wakati wa kulala, na watoto walijifunza kucheza mbali na kiti chake. Aliwahi kupata kazi kwa mfanyabiashara wa Kigiriki na hakwenda. Laurentine alimwuliza anangoja nini. Akamjibu kwamba hajui.

Vita ilimkuta bado anafua. Mwaka 1941 fundi wa Ulaya alichukuliwa jeshini. Meli hazikuleta tena meno wala mafundi, na wakubwa wa mji walianza kunywa uji. Bwana Ndevu alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha kufulia. Mimi sikuwapo, lakini wafuaji wawili walisikia, na wote wanasimulia vilevile.

"Kalaba, kesho utarudi karakana."

Godefroid alikausha mikono. "Nitarudi, docteur. Nitapika meno yenu. Lakini siku moja ya juma, upande wa nyuma, niache nizibe. Nisitoshe."

"Unaniwekea masharti? Wakati wa vita?"

"Ndiyo, docteur."

Wakati ule watu walifungwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Bwana Ndevu aliondoka. Godefroid alirudi kwenye mataulo, na nyumbani Laurentine akamfungia nguo zake kwenye blanketi, tayari kwa askari. Majuma matatu yalipita. Askari hawakuja. Aliyekuja ni Bwana Ndevu, akiwa na koti jeupe mkononi. Alisema: "Alhamisi. Kwa majaribio." Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba atamfundisha mwenyewe kuua mshipa wa jino. Na kweli alimfundisha, mpaka aliporudi Ubelgiji mwaka 1946.

Majaribio hayo yameendelea kwa miaka kumi na sita. Watu walitembea kutoka Kampemba na Naviundu kabla ya jua kuchomoza ili wapate nafasi kwenye benchi: wachimbaji, watu wa reli, akina mama wa soko, walimu. Wengi walikuja wakiwa wamejiandaa kung'olewa, na wengine walibisha walipoambiwa kwamba jino litabaki. Mpiga tarumbeta mmoja wa baa ya Kamalondo, aliyeokolewa jino la mbele, alikuja kupiga asante chini ya dirisha letu saa nne asubuhi, hadi masista wa hospitali wakamfukuza. Papa Godefroid alicheka siku ile. Ninaandika hivyo kwa sababu si siku nyingi nilizomwona akicheka.

Mimi niliingia kazini mwaka uleule wa 1946, naye ndiye aliyenifundisha yote niyajuayo. Alikuwa mwalimu mgumu. Jino nililoliziba vibaya alinifanya nilizibue na kuliziba tena, na kila mara aliniamuru nimwombe mgonjwa radhi kwanza.

Sasa nieleze sababu ya kustaafu. Vumbi la fedha la kuzibia jino huchanganywa na zebaki, na zebaki inayozidi hukamuliwa. Upande wa mbele ulipewa mashine ya kuchanganyia mwaka 1950. Upande wa nyuma haukupewa. Papa Godefroid aliikamua kwa kitambaa, mikono mitupu, katika chumba kisicho na dirisha la kufunguka, na mimi alinikataza kuigusa. Alisema bado ninaiharibu. Mwaka 1953 mwandiko wake ulianza kupinda. Halafu kikombe kikaanza kugonga kisahani. Docteur wetu wa sasa alimpima mwaka huu, akamweleza kwamba kutetemeka huko ni sumu ya zebaki na hakutapona. Papa Godefroid alijibu kwamba anajua, alijua tangu mwanzo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuniruhusu kukamua.

Jioni moja tukiosha vyombo, nilimwambia kwamba watu hawatasahau alivyokataa mwaka 1941. Alikausha chombo kimoja, kisha akasema: "Ile meno mbili ya Mujinga ilikuwa muzima, Liévin. Nilikataa mu quarante-et-un. Nilikuwa naweza kukataa mu trente-quatre." Yaani 1934, mwaka alipoyang'oa yale manne. Nimeandika maneno yake hapa kwa ruhusa yake.

Juzi ilikuwa Alhamisi yake ya mwisho. Mgonjwa wa mwisho alikuwa mzee Mwape, mstaafu wa reli kutoka Kampemba, mwenye gego bovu. Papa Godefroid alitaka kuliziba mwenyewe. Alishika chombo, akainama, mkono ukakataa. Akajaribu kuushikilia kwa mkono wa pili. Mzee Mwape alimngoja kwa subira, kinywa wazi. Mwishoni Papa Godefroid alinipa chombo, akaenda kukaa kwenye benchi la chuma pamoja na wagonjwa, upande ambao hakuwahi kukaa. Niliziba gego lile. Nilipomaliza aliinuka, akaja, akalitazama kwa kioo kidogo kwa muda mrefu. Akamwambia mzee Mwape asitafune kwa upande ule mpaka kesho. Kisha akavua koti, akaenda nyumbani.

Papa Godefroid na Mama Laurentine wanahamia Naviundu, ambako wana nyumba na shamba dogo la mihogo karibu na mto. Kwa niaba ya wafanyakazi wenzake, na ya wote waliopita mlango wa nyuma, ninatoa shukrani. Tunawaombea afya na siku za amani katika nyumba yao mpya, na wajukuu wanaocheza karibu.

Nimearifiwa kwamba Alhamisi zilikuwa ruhusa ya Bwana Kalaba binafsi, na kwamba anayetaka kuziendeleza aandike maombi na kungoja jibu. Sijaandika maombi. Alhamisi ijayo, tarehe 3 Oktoba, nitafungua mlango wa nyuma saa moja asubuhi. Watu kumi na wanne wamekwisha kuniuliza, nami nimewaambia waje.

Liévin Kabulo,
msaidizi wa chumba cha meno
Élisabethville