Gari la Kinyozi Halimalizi Raundi ya Pili

Benchi letu limeegemea ukuta wa saluni ya kinyozi, na ukilikalia huruhusiwi kukosa maoni. Siku hiyo kinyozi alituwekea miguuni gari lake la rimoti, lile dogo linalotumia petroli ya kweli. Alasiri angeshindana mbio za magari hayo na shemeji yake, kaka wa mkewe. Mwaka jana alishindwa, na shemeji hajaacha kuisimulia katika kila kikao cha ukoo, hata cha msiba. Sasa gari lilikuwa linapiga raundi moja safi, ya pili linakohoa na kuzima.

— Fungua tangi, akasema Mzee Breki, dereva mstaafu.

Kinyozi akafungua kifuniko. Tangi likavuta hewa, fyuu. Petroli ilikuwa tele, na mpira mwembamba unaoipeleka kwenye injini, wenye kichuma kizito nchani, umetulia chini ukiinywa. Akafunga, akavuta kamba, likawaka. Raundi ya pili, kimya.

— Hicho kichuma kinapata kizunguzungu kwenye kona, akasema Breki. Nimebeba abiria wa namna hiyo.

— Wapi! akasema Dokta, fundi viatu wetu, ambaye hajawahi kukosa jina la ugonjwa. Petroli inapanda mpirani, ikifika katikati inasahau safari. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

— Inahusiana vipi? akauliza Breki.

— Inahusiana na mpira.

Wakafungua tena. Fyuu. Likawaka, likazunguka, likazima palepale. Hapo Dokta akasimama.

— Mmeona? Kila tukichungulia, linawaka. Gari hili linataka kutazamwa. Kizuri chajiuza.

Akaamuru kinyozi akimbie kando yake bila kuliondolea macho. Nilimwonea huruma, lakini kucheka nilicheka. Alikimbia na aproni yake ya kazi, shingo upande, rimoti mkononi, na gari likamzimia kwenye kona ileile. Breki akasema basi ni kijicho cha shemeji. Mimi nikapendekeza betri za rimoti, wakanipuuza wote.

Ndipo mke wa kinyozi akatoka ndani, uso mkunjufu.

— Baba watoto, nimekuja kushukuru. Tangu juzi ile harufu ya petroli chini ya kitanda, unakolaza gari lako, imekwisha. Umefanyaje?

— Kulikuwa na kampira kadogo juu ya tangi, akasema kinyozi kwa majivuno. Hakapeleki petroli popote, kanatoa harufu tu. Nikakaziba kwa skrubu.

Mzee Breki akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

— Mwanangu, ndiko tangi linakopumulia. Petroli ikitoka, hewa iingilie wapi? Tukifungua kifuniko inaingia kidogo, ndiyo ile raundi moja.

Kinyozi akachomoa skrubu. Gari likapiga raundi mbili, tano, kumi. Alikuwa anacheka peke yake, ameshamwona shemeji amenyamaza vikaoni. Harufu nayo ikatufikia benchini. Mkewe akaziba pua kwa ncha ya kanga.

— Haya, mshinde kaka yangu, kazidi maneno. Ila nyie wajuzi, nisaidieni kitu kimoja. Chumbani kwangu gari hili halirudi likinuka hivyo. Leo usiku watalala wapi, yeye na gari lake?

Kinyozi akatutazama mmoja mmoja. Breki akaanza kufunga viatu ambavyo havikuwa na kamba. Dokta akainamisha birika juu ya kikombe chake, likatoa mashapo ya kahawa matupu.