Hilari Masolwa, Aliyeitika Msituni

Ndugu waombolezaji, mjane wa marehemu, Tekla, ameomba jambo moja tu: wasifu huu usifiche kitu. Wazee walitaka isemwe kwamba marehemu alifariki ghafla, basi, yaishie hapo. Tekla amekataa katakata. Anataka kujua, kabla udongo haujarudishwa, ni nani aliyewapa wauaji jina lililomtoa mumewe kambini. Mdogo wake marehemu, Ambrosi, ndiye aliyeyaandika haya na ndiye anayeyasoma.

Marehemu Hilari Masolwa alizaliwa Ipole tarehe 14 Januari 1920, siku ya Mtakatifu Hilari, kwa hiyo padre hakuumiza kichwa kutafuta jina. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Kornel Masolwa, mrina asali, na Mama Apolinaria. Babu yake alikuwa mpagazi wa pembe katika njia ya zamani ya misafara. Ni yeye aliyemsimulia habari za bonde moja, mwendo wa siku mbili kutoka Ipole, ambako wapagazi hawakukubali kulala hata wachapwe viboko. Waliowahi kulala pale waliamka wazima, ila hawakupenda tena kuzungumza.

Alisoma shule ya misheni, akaenda Tabora mwaka 1933 na Makerere mwaka 1939, kisha akafundisha sayansi. Mwaka 1949 alipelekwa Uingereza, akarudi 1953 na shahada ya fizikia. Alipoulizwa nyumbani amesomea nini, alijibu, "Nimesomea kitu kilichomo ndani ya jiwe. Hakionekani, na hakilali."

Mama yake akamwambia, "Mwanangu, hicho hata babu yako alikijua, na Ulaya hakwenda."

Watu walicheka sana. Hilari hakucheka.

Alifunga ndoa na Tekla, binti kutoka kijiji cha Choma, tarehe 5 Oktoba 1946, wakajaliwa Eustadia, Raymundi na Koleta. Serikali ilimwajiri kutafuta urani, jiwe la atomu, kwa kisanduku kinacholia kikilikaribia. Jumapili moja aliwapima watoto wake mmoja mmoja nyumbani Chemchem, mjini Tabora, kisanduku kikanyamaza. Kilipofika kwa padre mgeni kikatatarika kama bisi kikaangoni. Raymundi akapiga kelele, "Baba, padre ana jini!" Kumbe ni saa yake tu, ile ya tarakimu zilizopakwa dawa ya jamii ya jiwe hilo ili zing'ae gizani. Padre alicheka mpaka machozi, lakini saa ile hakuivaa tena.

Aprili mwaka huu kazi ilimfikisha katika bonde la wapagazi. Kisanduku kililia siku nzima bila kupumzika. Alichora ramani, akasema hataitoa kwa mtu yeyote mpaka watu wanaochota maji kule wahamishwe kwanza. Zikaja barua zisizo na jina. Wakaja wanaume wawili wenye gari, mara ya kwanza na fedha, mara ya pili bila hata salamu. Hapo alibeba ramani yake akaenda kujificha msituni Ipole, katika kambi ya asali ya Mzee Lugembe, rafiki wa marehemu baba yake.

Kuugua, hakuugua hata siku moja.

Wasiojua desturi ya warina wa kwetu wajue hivi. Mrina akiingia msituni huliacha jina lake la nyumbani. Kambini hupewa jina jingine, linalojulikana na wenzake wa kambi tu. Akisikia anaitwa kwa jina la nyumbani haitiki, kwa sababu anayeita hivyo huenda si mtu. Hilari alipewa lake akiwa na miaka kumi, naye aliliheshimu pamoja na usomi wake wote.

Jumanne tarehe 25 Juni 1957, saa nne asubuhi, sauti iliita ng'ambo ya korongo, "Hilari!" Ikaita tena. Hakuna aliyeitika. Ndege walinyamaza wote. Kisha sauti ikamwita kwa jina lake la kambini. Marehemu akaweka sega chini, akasema, "Huyo ni wetu," akaitika, akaenda. Ulisikika mlio mmoja wa bunduki. Walimkuta chali, mikono ina asali, nyuki wamemfunika uso mzima, wametulia. Ramani haikuonekana.

Mzee Lugembe alipofika msibani alimshika Ambrosi mkono, akamvuta pembeni. "Sauti ile ilikuwa yako, kijana. Msalaba naushika."

Siku ya mauaji Ambrosi alikuwa Chemchem, anapiga randa mbele ya mafundi wenzake wanne. Lakini hakumbishia mzee, na tangu hapo hajalala.

Jumamosi iliyotangulia mauaji hayo, mtu mmoja mpole alifika nyumbani kwa Ambrosi. Alimwamkia Mama Apolinaria shikamoo, mama akaitika marahaba, akakaribishwa ugali akala. Alisema amebeba barua ya kazi ya Hilari, ya haraka, na msituni ameita mpaka koo limekauka.

Ambrosi alicheka. "Ndugu yangu, ungeita mwaka mzima. Kule haitwi hivyo."

Akamtajia jina la kaka yake la kambini, maana naye alilala kambi ile utotoni. Mgeni alilitamka vibaya. Ambrosi akamsahihisha, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, wakacheka pamoja, mpaka mgeni akalisema sawasawa kama anavyolisema yeye.

Tekla aliuliza. Jibu ni hilo, na Ambrosi hana la kujitetea. Angalikuwa amenyamaza dakika moja, kaka yake angalikuwa hai.

Marehemu ameacha mama, mjane na watoto watatu. Mdogo wake hakuhesabiwa katika karatasi mlizonazo mikononi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba mpiga chapa amwondoe, na Tekla ndiye atakayeamua kama arudishwe.

Mungu akupumzishe, kaka. Asikuite mtu tena.