Banjo Iliyomliza Festus

Jumamosi asubuhi tunaweka nguo kwenye mashine za dobi, karibu na stesheni ya treni ya Wheaton huku Marekani, kisha tunakaa nje kwenye benchi na kahawa zetu. Juzi Festus, Mbukusu wa Bungoma anayetunza wazee majumbani, alifika na kisa. Jana yake alikuwa amempeleka mmoja wa wazee hao kwenye tamasha la bluegrass, ule muziki wa nyuzi wa watu wa milimani huku. Mpiga banjo alipoanza wimbo wa tatu, Festus akalia mbele za watu.

— Ulilia kweli? aliuliza Jepkosgei, nesi wa Kericho tunayemwita Sista.

— Manze, nililia. Jamaa amekaa kitini, mguu unagonga sakafu, vidole vinakimbia. Nikamwona buda, baba yangu, akipiga litungu lake kwenye matanga, nyuzi saba, njuga mguuni. Wimbo ni ule ule! Nimeurecord, sikilizeni.

Tukasikiliza. Evariste wa Bukavu, ambaye jina lake hapa ni Profesa, akatikisa kichwa.

— Iko wazi. Babu ya ule muzungu alifikaka Kivu, akapita na Bungoma, akaiba wimbo.

— Bungoma alipitaje, Profesa? aliuliza Festus.

— Kwa miguu, mon frère! Watu ba zamani balitembeaka.

— Wacha! alisema Sista. Ni redio. Kwetu kila Jumapili redioni ni country, nyimbo za makauboi. Babu yangu alikuwa na kofia ya kauboi na ng'ombe wawili tu. Huo wimbo wa Bungoma ulitoka huku, ukashika kule.

— Ama ulitoka kule, redio ikaurudisha!

— Redio hairudishi kitu, Profesa.

— Ya kwenu. Ya Bukavu ilirudishaka.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hapo akatokea Mahoro, dada wa Kirundi aliyefika Marekani mwezi uliopita, na kapu lake la nguo. Alisikiliza kidogo, kisha akamgeukia Festus.

— Kaka, baba yako anasemaje?

— Nani?

— Baba yako. Si ndiye mwenye wimbo? Alifariki?

Festus akashusha sauti.

— Yuko hai. Hatujaongea miaka sita, tangu nije huku. Siku ya kusafiri alinipa litungu nije nalo. Nikamwambia mizigo imezidi kilo. Haikuwa imezidi. Niliona aibu kuingia nalo airport.

Sista akaangalia saa yake.

— Bungoma sasa ni jioni. Mcall.

Festus alishika simu muda mrefu kabla ya kubonyeza. Ikaita, ikaita. Sauti ya mzee ikajibu. Festus akataja jina lake, kisha akamwekea ile rekodi. Banjo ikakimbia mpaka mwisho. Mzee akaanza kuongea Kibukusu, haraka haraka.

— Anasemaje? Profesa alinong'ona.

Festus alikuwa analia tena, na huku anacheka.

— Anasema huo si wimbo wake. Haufanani hata kidogo. Anasema nisikate simu, analeta litungu anionyeshe wimbo wake unavyokwenda.

Tukasogea wote karibu na simu. Tukasikia mlango ukifunguliwa, kiti kikiburutwa, na mzee akikohoa.