Mheshimiwa na Punda Mbele ya Sami

Kijiwe chetu cha Dunga, ufuoni mwa ziwa hapa Kisumu, ni benchi moja refu la mbao za mtumbwi uliozeeka, na misumari yake bado ina hasira, uliza suruali yangu. Hapo Mukhtar humimina kahawa chungu kila asubuhi, na hapo mambo yote ya dunia huamuliwa, ingawa dunia yenyewe haijawahi kutujibu. Mimi wananiita Spika kwa kuwa mimi ndiye hufunga mjadala. Kulia kwangu hukaa Ouma, tunamwita Injinia tangu apige redio kofi ikaongea. Kushoto hukaa Oluoch, yaani Wakili, ambaye kortini aliingia mara moja tu kama shahidi, akatolewa kwa kuongea sana. Asubuhi hiyo Rehma wa Migosi, mpiga picha wa harusi na matanga, alikuja na masanduku mawili ya droni, akayaweka katikati yetu, akanisukuma mimi kwenye misumari. Wenye vizimba vya samaki walitaka mtu wa kuwaangalizia vizimba kutoka juu kila siku, maana magugu maji yakisukumwa na upepo hukata kamba za nanga. Jakom wao, yaani mwenyekiti, Mama Dorca, angefika saa nne kuona jaribio. Rehma akishindwa, kazi inaenda kwa kampuni fulani ya Nairobi. Duka lilikuwa limempa droni mbili, achague moja, nyingine irudi leo leo.

Rehma: Nisaidieni bila kelele. Hii kubwa ina macho pande zote, inajiongoza yenyewe. Hii ndogo ina kamera tu, inaenda pale naisukuma.

Injinia: Hapo hakuna mjadala. Hiyo kubwa ni Mheshimiwa. Inaona mbele, nyuma, juu, chini. Ile ingine ni punda.

Wakili: Omera, ndugu yangu, wacha dharau. Punda amebebea Kisumu hii maji miaka yote. Mheshimiwa amebeba nini?

Mukhtar: Ahadi.

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika, na majina yakashika hapo hapo.

Injinia: Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Rehma: Sasa hiyo inaingiaje?

Injinia: Ukuta! Mheshimiwa akiona ukuta, anasimama mwenyewe. Punda ataugonga na kichwa.

Mimi: Injinia, ziwani kuna ukuta gani?

Injinia: Spika, kazi yako ni kufunga mjadala, si kufungua.

Wakili: Mimi naongea kisheria. Hewa iko juu ya kizimba ni ya mwenye kizimba. Hii ya macho mengi itachungulia kizimba ya jirani, na hiyo ni kesi. Yenye haina macho itasema tu, mheshimiwa hakimu, sikuona.

Rehma: Kibali ya kurusha niko nayo, Wakili. Nilisoma, nikafanya mtihani, nikapita.

Wakili: Ya kurusha, sawa. Ya kuchungulia je?

Injinia: Yawa, Mheshimiwa ana akili! Atajua samaki ngege mgonjwa kwa kumwangalia tu mdomo. Mkikaa mwezi mmoja, anawaita kwa majina.

Wakili: Na ngege wakiona kivuli yake watadhani ni furukombe amekuja kuwakula. Wanakataa chakula. Wanakonda mpaka unawauza na dagaa wa omena.

Mukhtar: Mimi nataka tu ile inaweza peleka birika hadi Kondele.

Injinia: Mheshimiwa anabeba birika, anabeba na wewe.

Wakili: Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Mimi: Na hiyo nayo inaingia wapi?

Wakili: Itaingia tu. Ngoja.

Rehma akapiga benchi kofi. Vikombe vikaruka.

Rehma: Nyinyi mnacheka! Mimi nimechoka kupiga picha za keki na majeneza. Hii kazi nimeitafuta mpaka viatu vikaisha. Sasa Jakom akikuja anipate sijui nishike gani, atanihurumia. Na mimi sitaki huruma ya mtu, nataka kazi!

Niliona aibu, nikajifanya napuliza kahawa iliyokuwa imeshapoa. Ndipo akaja mama mmoja mwenye kapu la chapati, mgeni kabisa pale ufuoni. Jina lake Nabalayo, alikuwa amehamia kutoka Bungoma wiki iliyopita. Akaomba kahawa, akaangalia ziwa, akakunja uso.

Nabalayo: Samahani wazee. Ule moshi kule majini, ni boti inaungua?

Tukageuka. Nguzo nyeusi ilikuwa imesimama juu ya maji, pana, inayumba, kati yetu na vizimba. Injinia akacheka kama mtu aliyeulizwa jua ni nini.

Injinia: Mama, hiyo si moshi. Hiyo ni sami. Wadudu wadogo wa ziwa. Hawaumi mtu. Wakikuja tunafunga mdomo, wanapita.

Nabalayo: Aa. Na hizi ndege zenu, zinaweza pita humo ndani?

Loo! Rehma alikuwa ameshasimama, sanduku limefunguka, Mheshimiwa yuko chini anawaka taa.

Alipaa vizuri, siwezi kumnyima sifa yake. Akaenda moja kwa moja, ametulia, Injinia akipiga makofi. Alipofika kwa sami, akasimama. Skrini ya Rehma ikaandika: kizuizi mbele. Akajaribu kushoto, kizuizi. Akajaribu kulia, kizuizi. Akapanda juu, kizuizi. Mwisho akageuka mwenyewe, bila kutumwa, akarudi, akatua taratibu mbele ya benchi.

Mukhtar: Injinia, ukuta wako umeonekana.

Injinia: Zima macho yake, Rehma! Kuna mahali ya kuzima!

Rehma: Nikizima, nitakuwa nimenunua macho ya nini?

Sauti ikatoka nyuma yetu. Mama Dorca alikuwa amefika kabla ya saa nne, mikono kiunoni.

Dorca: Rehma, ndiyo hiyo? Watu wa Nairobi walinionyesha yao. Ni kama hii hii.

Rehma: Jakom, bado. Nipe dakika.

Akamtoa Punda. Hana taa za kuringa, analia kama nyuki kwenye chupa. Akampandisha, akamwelekeza kwa ile nguzo nyeusi, akamwingiza. Skrini ikajaa vidoa, ikawa nyeusi tii. Rehma hakuona kitu. Alishika rimoti, akasukuma kidole mbele, mbele tu, meno yameuma mdomo. Injinia, mpinzani wa Punda, alikuwa anamwombea kwa sauti.

Kisha mwanga ukaja! Maji, jua, na vizimba vyote vimepangwa mistari. Na pale mwisho kabisa, magugu maji yamekibana kizimba kimoja, kamba ya nanga imekatika, kizimba chenyewe kinaondoka na samaki wake wote.

Dorca: Uwi! Hiyo ni yangu!

Alishika simu akapigia vijana wa boti, akapaza sauti mpaka nadhani wangemsikia hata bila simu. Nasi tukabanana juu ya skrini ile ndogo, vichwa vyote, tukaona boti inatokea, kijana anaruka majini, kamba inafungwa, kizimba kinatulia. Benchi zima liliruka. Wakili alinikumbatia, na sisi hatukumbatiani.

Punda alirudi amejaa sami kama andazi lililoangushwa mchangani. Rehma akampangusa kwa ncha ya leso yake, polepole.

Dorca: Nairobi nitawaambia asante. Kazi ni yako, nyako, msichana wangu. Unaanza kesho.

Rehma: Yawa! Yawa! Erokamano, asante sana, Jakom! Mmesikia? Kesho!

Akacheka, akalia, akamwinua Punda juu ili ufuo wote umwone, na waosha magari walio kando ya maji wakampigia honi bila kujua kwa nini.

Wakili: Mgeni njoo, mwenyeji apone! Si nilisema itaingia?

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, methali yake ilikuwa imekaa mahali pake, na kwa hilo hatatupumzisha mwaka mzima. Injinia alimrudisha Mheshimiwa kwenye sanduku bila hotuba. Yeye ndiye tuliyemtuma ampeleke dukani.

Nabalayo alikuwa bado ameshika kikombe chake.

Nabalayo: Lakini wazee, niulize tu. Mimi nimekuja wiki jana. Nyinyi hao sami mmewajua lini?

Injinia: Tangu tuzaliwe, mama.

Nabalayo: Sasa mbona hakuna mtu aliwakumbuka?

Injinia akamwangalia Wakili. Wakili akaniangalia mimi. Mimi nikamgeukia Mukhtar.

Mimi: Mukhtar, hebu ongeza kahawa.

Mukhtar akainamisha birika juu ya kikombe changu. Likatoka tone moja, na ndani ya tone, sami mmoja.

Mukhtar: Imeisha.

Nikafunga mjadala.