Rangi za Kucha za Arlene Haas

Waliokuwepo asubuhi ile kwenye benchi la mbele ya duka la vifaa la Ruppert, mjini Millard Grove, Indiana, walikuwa hawa. Virgil Ostrander, aliyeitwa Jaji kwa sababu mahakama iliwahi kumwita mara moja awe mmoja wa waamuzi wa kesi ya nguruwe aliyeibwa, na hadi leo hajamaliza kuisimulia. Lowell Pickering, aliyeitwa Redio, na ukikaa naye kidogo utajua kwa nini. Harlan Boggs, aliyeitwa Dokta, ambaye kweli alikuwa daktari, ila wa ng'ombe. Na Delbert Haas, jina ambalo huandikwa kwa a mbili, asiyekuwa na jina la utani kwa kuwa hakuwahi kufanya jambo la kutaniwa. Kahawa ya Ruppert ilikuwa ya bure, na kwa hiyo nyepesi. Julai ilikuwa imepamba moto, jua limeshapita juu ya maghala ya mahindi, na Delbert alikuwa amekasirika tangu alipoketi.

— Wamemfukuza Joyce, alisema.

— Joyce yupi? Redio aliuliza.

— Joyce Terhune. Wamemzuia mlangoni kama mwizi wa kuku. Yule meneja mpya wa nyumba ya wazee, Bi. Stroh, amemwambia wauzaji hawaruhusiwi kuingia.

Hakuna aliyehitaji kuuliza Joyce alikuwa akiuza nini. Arlene, mke wa Delbert, ndiye aliyevileta mjini vile vibandiko vya rangi ya kucha. Ni rangi yenyewe, iliyokaushwa nusu na kukatwa kwa umbo la ukucha; mtu anabandua, anabandika, anaondoa kilichozidi kwa tupa, basi, hana haja ya saluni. Madukani havikuuzwa. Viliuzwa sebuleni, mwanamke kwa mwanamke, kwa keki na kahawa, na Arlene hakuondoka mahali bila kumbandika mtu kimoja cha kuonja kwenye kidole cha pete. Mke wa mchungaji alikuwa nacho. Dada wa posta alikuwa nacho. Joyce alikuwa mmoja wa wanawake aliowaingiza Arlene katika kazi hiyo.

Kila rangi ilikuwa na jina lake, na Arlene aliyajua yote. Sasa akili ilikuwa imeanza kumtoka, naye alikuwa akiishi katika nyumba ile ya wazee. Jina la Delbert lilipotea, yakafuata ya watoto, lakini ya rangi yalibaki. Joyce alipokuja kumbandika, Arlene alivitazama vidole, akazitaja rangi zake, na kutoka hapo maneno mengine yalijitokeza, mpaka Delbert akapata mtu wa kuzungumza naye hadi saa ya chakula. Kucha zikiwa tupu, Arlene alikaa kimya akiangalia dirisha.

— Joyce alikuwa anauza humo ndani? Dokta aliuliza.

— Hajauza hata kimoja. Anawaonjesha tu manesi.

— Manesi wangapi?

— Wote, alisema Delbert. Sasa ndiyo kosa? Mtu anakwenda kumhudumia mgonjwa, anafukuzwa kwa ajili ya kidole cha nesi?

— Sheria iko wazi, alisema Jaji. Katika kesi ile ya nguruwe...

— Achana na nguruwe wako, Virgil.

— Nasema hivi, mtu ndiye mwenye mwili wake, na ukucha ni mwili. Huyo mama anavunja katiba.

Redio aliweka kikombe chini, jambo ambalo alilifanya tu akiwa na habari.

— Nyie hamjui kitu. Bi. Stroh anauza mishumaa. Ile ya harufu. Watu wa mishumaa na watu wa kucha hawakai mji mmoja. Kule Kokomo kwa dada yangu walirushiana bakuli la saladi ya viazi, kanisani, mbele ya watoto.

— Nani kakwambia anauza mishumaa?

— Ofisi yake inanukia mdalasini.

— Hata ya kwangu ingenukia mdalasini ningekuwa nafanya kazi nyumba ile, alisema Dokta. Sikilizeni. Ni ile mashine ya kubana kidole. Inasoma damu kupitia ukucha, na rangi inaizuia. Ng'ombe hawana taabu hiyo.

— Inasoma ili iweje? Redio alidakia. Nani anapelekewa hayo inayoyasoma?

— Washington, alisema Jaji kwa uzito. Wanajua moyo wa kila mzee unavyodunda. Halafu wanapanga nani akatwe pensheni.

— Sasa hapo umeongea.

— Tuandamane, alisema Delbert. Twende wote wanne, tusimame pale mlangoni, tumwone huyo mama akitufukuza.

— Leo kuna joto, alisema Redio.

Dokta alikuwa bado anawaza.

— Au wanataka kucha tupu kwa sababu rangi inasema ukweli, alisema. Ukucha unakua, bwana. Rangi inasogea mbele, nyuma yake linabaki pengo. Ukiona pengo pana kama punje ya mchele, unajua ni muda mrefu hakuna mtu aliyemshika yule mwanamke mkono.

Delbert alienda kwa mkewe kila siku, na kila siku alikaa kwenye kiti kilekile karibu na televisheni, mchezo wa besiboli ukiendelea. Alitazama ndani ya kikombe chake. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Ndipo akafika Marisol Ibarra, mmoja wa manesi wa nyumba ile, amekuja kununua betri. Kidole chake cha pete kiling'aa.

— Habari za asubuhi, Bwana Haas.

— Mbaya, binti. Kamwambie meneja wako kwamba Delbert Haas amekaa mji huu miaka yote na hajaona ukatili kama huu. Mke wangu hasemi. Kucha zake tupu, na yeye hasemi. Mwambie hivyo.

— Nitamwambia, alisema Marisol. Lakini Joyce amezuiwa kwa kuwa ni muuzaji. Wewe si muuzaji. Mbona humbandiki wewe mwenyewe?

Jaji alitazama barabara kana kwamba kuna gari linakuja. Delbert ndiye aliyejibu.

— Joyce alinipa pakiti. Iko kwenye pikapu.

— Sehemu gani?

— Juu ya dashibodi.

— Umeifungua?

— Nilitaka kuona ndani kuna nini.

Aliileta. Vibandiko vilikuwa vimekauka kama maganda ya vitunguu; alipokunja kimoja kilivunjika. Marisol alimweleza kwamba pakiti ikifunguliwa, hewa huvikausha, na jua la Julai humalizia. Kisha akatoa mfukoni pakiti ndogo za kuonjesha alizoachiwa na Joyce.

— Jifunze kwa mtu kwanza, alisema.

Wazee watatu walikimbilia kuficha mikono. Jaji ndiye aliyechelewa.

Delbert alikuwa ametengeneza mashine za kuvunia mahindi maisha yake yote, lakini kidole cha Virgil Ostrander kilimtoa jasho. Kibandiko cha kwanza kilijikunja. Cha pili kilishika. Alikikandamiza kutoka katikati kwenda pembeni kama alivyoelekezwa, akaondoa kilichozidi kwa tupa, na ukucha ukang'aa rangi ya divai.

— Mke wangu akiona hiki, alisema Jaji.

— Atataka kujua umekipata wapi, alisema Dokta. Usiseme kwa Delbert. Atajaa wateja.

Kesho yake Delbert alichelewa kufika. Walimsogezea nafasi.

— Haya, alisema Redio. Tupe.

— Viwili nimeviharibu. Vinane vimekaa. Aliviangalia sana, hasemi. Nikaona nimsaidie, nikamwambia hii ni Cheri ya Posta.

— Akasemaje?

— Akanikasirikia. Anasema, Cheri ya Posta ina chembe za dhahabu, hii ni Zabibu ya Jumapili, na nani kakuruhusu kuuza kitu usichokijua jina?

Walicheka mpaka Ruppert akatoka kuangalia.

— Halafu?

— Halafu akaniuliza nina wateja wangapi, alisema Delbert. Nikamwambia ninaye mmoja.

Bi. Stroh hakumrudisha Joyce, na benchi liliendelea kumlaani kila asubuhi. Kibandiko cha Jaji kilikaa mpaka pengo likaonekana, na Delbert akakibadilisha, na baadaye akakibadilisha tena.

Arlene Haas alifariki mwezi wa Septemba, siku ya Ijumaa, na kwenye kucha zake hapakuwa na pengo.